Mlo Usio na Bei Mjini Amritsar: Tathmini ya Msafiri wa Kazi Kutoka Mombasa

Nilitumwa Ludhiana, katika jimbo la Punjab kaskazini mwa India, kukagua vipuri vya baiskeli kabla havijapakiwa kwenye kontena, na kwa siku nne za mwanzo chakula kilinisumbua kuliko minyororo na spoki nilizokwenda kuzihesabu. Hoteli niliyopangiwa ilikuwa safi na wahudumu wake walikuwa na heshima, lakini hakuna aliyeweza kunieleza nyama ya jikoni ilichinjwa na nani, nami sikupenda kumsukuma mtu hadi aseme uongo ili aniridhishe. Kwa hivyo nilikula mayai kwa mkate asubuhi na mayai kwa wali usiku. Jioni moja nilijaribu mkahawa wa barabarani, nikaomba pilipili iwe ya kuonja tu, nikaandaliwa mchuzi ulionitoa jasho hadi nyuma ya masikio.

Msimamizi wa ghala la kiwanda alikuwa Kalasinga, yaani Msikh, wa makamo mwenye kilemba cha buluu na sauti ya upole isiyolingana na kazi yake. Yeye aliniita bhai, yaani ndugu, nami nikamwita sardar-ji kama wenzake walivyomwita. Jumamosi aliniuliza nimekuwa nikila nini tangu nifike, na nilipomjibu alicheka kwanza, kisha akasema kwamba ikiwa shida yangu ni nyama, kesho yake atanipeleka mahali ambapo nyama haipikwi, mgeni haulizwi dini yake, na bili haiji. Mahali hapo ni jiko la hekalu kuu la Makalasinga mjini Amritsar, na mlo wake ndio ninaoutathmini hapa.

Sisi watu wa Pwani tumeishi na Makalasinga tangu enzi ya ujenzi wa reli, tukiwajua kama mafundi wa injini, makandarasi na madereva wa Safari Rally, na neno Kalasinga limekwisha kuwa la Kiswahili kama lilivyo neno gari. Hata hivyo, nilipoketi kwenye behewa asubuhi ile ya Januari, ukungu umefunika mashamba ya ngano pande zote mbili, nilitambua kwamba sikuwahi hata mara moja kumuuliza mmoja wao anaamini nini. Sardar-ji alinieleza njiani. Mwendo ni wa takriban kilomita 140, na kwa garimoshi zinatosha saa mbili na ushei, muda wa kutosha kueleza dini ya mtu iwapo anayeeleza hana haja ya kukuvuta uingie.

Langar, alisema, ni jiko la jumuiya, na kila hekalu la Kisikh duniani linatakiwa kuwa nalo. Desturi hiyo ilianza na Guru Nanak, mwasisi wa dini, aliyezaliwa mwaka 1469, naye guru, yaani mwalimu na kiongozi wao, wa tatu, Amar Das, ndiye aliyeikazia kwa sharti kwamba yeyote anayetaka kumwona aketi kwanza chini ale pamoja na wengine. Inasimuliwa kwamba hata Akbar, mfalme wa Wamughal waliotawala India zamani, alipokwenda kumtembelea, alikaa kwenye mstari na raia ndipo akaonana naye. Lililonivutia zaidi lilikuwa habari ya Mata Khivi, mke wa guru wa pili, aliyesimamia jiko hilo: jina lake limo ndani ya maandiko yao matakatifu, na anasifiwa humo kwa wali wa maziwa wenye samli. Sijui dini nyingine ambayo mpishi amepata heshima hiyo kwa sababu ya upishi wenyewe.

Kutoka kituoni tulipanda rikisho ya kukanyaga. Sardar-ji alibishana na mwendeshaji hadi nauli ikashuka kwa rupia kumi, wakati mimi nikiangalia mnyororo uliolegea na kujiuliza ni kiwanda kipi kilichoutoa, kwa maana kazi humfuata mtu hata siku ya mapumziko. Niliomba tupitie kwanza Msikiti wa Khairuddin, uliojengwa mwaka 1876 katika soko la Hall Bazaar, nikaswali adhuhuri na sardar-ji akanisubiri nje na mkoba wangu. Kutoka hapo hadi hekaluni ni mwendo wa miguu, katikati ya maduka ya vilemba, bangili za chuma na keki za sukari guru.

Huduma ya mahali hapa huanzia kwenye viatu. Kuna vyumba vya kuviweka, unapewa kibati chenye namba, na wanaovipokea ni watu wa kujitolea. Mzee aliyepokea vyangu, vilivyokuwa na grisi ya kiwandani, alivishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokezwa mtoto. Kisha unapita katika kijito kifupi cha maji kwenye kizingiti ili miguu itakate. Kichwa lazima kifunikwe, na mimi nilidhani nimekwisha kujiandaa kwa kofia yangu ya vito. Mlinzi mwenye mkuki aliitazama, akaisifu kwa ishara ya vidole, halafu akanifunga juu yake kitambaa cha rangi ya chungwa, nami nikaingia na vyote viwili. Tumbaku na pombe havipiti mlangoni.

Unashuka ngazi, hupandi, na wenyewe wanasema ilikusudiwa hivyo ili anayeingia aingie kwa unyenyekevu. Chini kuna bwawa pana la mraba, na katikati yake jengo la dhahabu ambalo kwa ukubwa si kitu mbele ya misikiti mikubwa niliyoiona, lakini kwa namna linavyokaa juu ya maji na kivuli chake huwezi kuliacha kwa macho. Lina milango pande zote nne, kuonyesha kwamba watu wa kila upande wanakaribishwa. Guru Arjan, wa tano, ndiye aliyelijenga mara ya kwanza na kuweka ndani yake kitabu chao mwaka 1604. Dhahabu ilikuja baadaye, karne ya 19, kwa amri ya Maharaja Ranjit Singh, mtawala wa Punjab. Hakuna sanamu. Kinachoheshimiwa ni kitabu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, na humo, kando ya maneno ya maguru, zimo beti za Sheikh Farid, sufi Mwislamu ambaye kaburi lake liko Pakpattan, Pakistan. Sardar-ji alipoliona jambo hilo limenishangaza, aliniambia kwamba yeye alijifunza beti za Farid utotoni na kwa miaka mingi hakujua kuwa mwenyewe alikuwa Mwislamu.

Beti za kitabu hicho huimbwa kuanzia kabla ya alfajiri hadi usiku, kwa kinanda cha mvukuto na tabla, na spika zinazipeleka kuzunguka bwawa lote. Mtu aliyekua Mombasa akisikiliza taarabu ya vyombo hivyohivyo hawezi kujifanya mgeni wa sauti ile. Sikuelewa neno hata moja, na ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nimekaa kando ya maji karibu nusu saa, miguu imekunjwa kama inavyotakiwa, bila kuangalia simu. Sitaki kuongeza zaidi ya hapo, kwa kuwa mtu anayerudi safari akidai amepata nuru kwa siku moja katika nchi ya watu huwa anajisifu mwenyewe.

Sasa chakula. Langar ya Amritsar haifungwi, usiku wala mchana, na idadi inayotajwa kwa kawaida ni watu 50,000 kwa siku, ambayo siku za sikukuu hufika 100,000. Nilizisoma tarakimu hizo kabla ya kwenda na sikuziamini. Niliziamini niliposimama mlangoni na kusikia vyombo. Sahani za chuma zinakabidhiwa kwa kasi ya mtu anayegawa karata, moja kwa kila mkono, kisha bakuli, kisha kijiko, na nyuma ya ukuta mamia ya watu wa kujitolea wanaosha zilizotumika katika karai ndefu, sahani moja ikipita kwa mwoshaji wa kwanza, wa pili na wa tatu kabla haijarudi kwenye mzunguko. Kelele yake ni kama mvua ya mawe juu ya paa la mabati, na mwenye maumivu ya kichwa asiende.

Ukumbini mikeka myembamba imetandazwa kwa mistari, mnakaa kwa safu mkitazamana migongo na nyuso, na hakuna sehemu ya waheshimiwa. Nilitafuta kwa macho, kwa sababu katika shughuli zetu huku, hata maulidi, siku hizi utaona meza yenye kitambaa cheupe na chupa za maji kwa ajili ya wageni rasmi, na sisi wengine tukigombea masinia nyuma ya hema. Pale hapakuwa na meza. Sardar-ji, ambaye kiwandani husimamia watu wengi na hufunguliwa mlango wa gari, alikaa kwenye mkeka uliolowa kidogo, na aliyekaa upande wake wa kushoto, goti kwa goti, alikuwa yuleyule mwendeshaji wa rikisho tuliyekuwa tumebishana naye kuhusu rupia kumi, ambaye alikuja kula kabla ya kutafuta abiria wengine. Walisalimiana kwa kichwa tu. Sikuona kwa yeyote kati yao dalili ya kwamba jambo lisilo la kawaida limetokea.

Wagawaji hupita na ndoo. Wa kwanza alinitilia dal, mchuzi mzito wa dengu na mbegu nyeusi za jamii ya choroko, uliopikwa hadi ukawa laini kama uji wa mtama, una tangawizi ya kutosha, chumvi ya wastani na pilipili ya kistaarabu. Baada ya wiki ya mayai niliuona ni mchuzi bora kuliko wowote niliowahi kula, na hata sasa, tumbo likiwa limetulia, naupa alama ya juu. Wa pili alileta viazi na koliflawa vilivyopikwa kwa bizari, ambavyo vilikuwa vya kawaida tu. Wa tatu alileta wali wa maziwa, mwepesi na mtamu, lakini bila iliki, na mtu wa Pwani hulitambua pengo hilo kwa kijiko cha kwanza. Maji huletwa kwa kitoroli chenye tangi na bomba ambacho msukumaji hukisimamisha juu ya bakuli lako kwa sekunde moja, halisi sekunde moja, na tone halimwagiki.

Mkate ndio wenye somo lake. Mgawaji alipofika mbele yangu na kikapu cha roti, ambazo sisi tungeziita chapati za kusukuma zisizo na mafuta, niliinua sahani yangu. Hakunipa. Alisimama akisubiri, akaita tena "Parshada ji!", na sardar-ji akaninong'oneza niweke sahani chini na kukinga viganja vyote viwili. Nilipovikinga, roti mbili zilidondoshwa humo zikiwa na moto. Baadaye aliniambia kwamba ile ji inayotiwa mwisho ni neno la heshima, lile lile ninalomwita yeye, na kwamba pale mkate na mchuzi pia hutajwa kwa heshima hiyo. Niliwatazama waliokuwa kwenye safu ya mbele: mwanamke aliyevaa dhahabu nyingi mikononi na kijana asiye na sweta katika baridi ile walikuwa wameinua viganja kwa namna moja, na kwa dakika hiyo haikuwezekana kujua nani anapewa kwa sababu ya njaa na nani kwa sababu ya ibada. Nimewahi kula chakula cha sadaka na nimewahi kukigawa, na najua jinsi mkono wa mpokeaji unavyokuwa mzito pale mgawaji anapomtazama usoni. Pale mgawaji hutazama viganja tu.

Kuhusu roti yenyewe niseme kweli. Siku za watu wengi jiko hutumia mashine zinazosukuma na kuoka maelfu kwa saa, na kati ya nne nilizokula mbili zilikuwa zimekauka pembeni kama kadibodi. Nilipitishwa jikoni baadaye, nikaona mashine hiyo ikizitema moja baada ya moja kwenye mkanda, na kando yake wanawake wameketi duara wakisukuma nyingine kwa mkono na kuzipaka samli. Anayepata za mkono amebahatika. Humo pia yamo masufuria ambayo dal yake hukorogwa kwa mwiko wenye urefu wa kasia, na mkorogaji husimama juu ya jukwaa.

Kasoro nyingine ni haraka. Hujamaliza kutafuna, tayari wafagiaji wamekaribia na ndoo za maji kuosha sakafu kwa ajili ya zamu inayofuata, na anayetoka hutembea juu ya marumaru iliyolowa kwa miguu mitupu. Mara mbili niliponea chupuchupu kuanguka. Mwezi wa Januari marumaru hiyo ni baridi kama barafu, ingawa kuna mikeka njiani na busara ni kutoiacha. Mtu mwenye magoti mabovu atapata tabu. Kadhalika, foleni ya kuingia ndani ya jengo la dhahabu, juu ya daraja linalokatiza maji, ilituchukua zaidi ya saa moja na nusu, tumebanana, na ndani ulipata muda mfupi tu kabla hujasukumwa kwa upole kutoka upande wa pili. Masanduku ya michango yapo, lakini hakuna aliyenionyesha hata moja, na niliyemuuliza nitoe kiasi gani alinijibu kwamba kama nina nafasi, vitunguu havijamenywa.

Nikaenda kumenya. Nilikaa na akina mama wazee kwenye baraza ya jiko, rundo la kitunguu thomu katikati yetu, na mmoja wao aliyeniita beta, yaani mwanangu, alitazama jinsi nilivyokuwa nikihangaika kwa ukucha, akaninyang'anya tumba, akaifikicha kati ya viganja vyake mara tatu na kupuliza maganda. Tulikaa karibu saa nzima. Mimi nilimwita mama, akalielewa, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote.

Liko jambo moja ambalo Waislamu wenzangu wataniuliza, na ni bora nilieleze mwenyewe. Langar ni chakula tu: hakina nyama, hakina kileo, na Mwislamu anayekula mboga kwa jirani hana sababu ya kusita. Lakini unapotoka kwenye jengo la ibada hugawiwa pia karah prashad, haluwa ya moto ya unga wa ngano, samli na sukari, ambayo imeombewa dua kabla ya kugawanywa. Hapo nafsi yangu ilisita. Kukataa mbele ya mgawaji lingekuwa tusi, kwa hivyo nilikinga viganja, nikapokea, na nilipofika pembeni nikamweleza sardar-ji kwa ukweli na kumpa sehemu yangu. Alikula yake, akala na yangu, akasema kwamba leo amepata baraka mbili kwa bei ya moja, ambayo ni sifuri. Wengine watafanya vingine na sitawahukumu. Ila harufu ya unga uliokaangwa kwa samli, inayochuruzika kati ya vidole, ilinirudisha moja kwa moja kwenye jiko la mama yangu Majengo.

Kwa anayekwenda huko kwa kazi na ana siku moja tu, ningeshauri aende asubuhi ya siku isiyo ya mapumziko, avae soksi ambazo haoni tabu kuzivua, achukue kitambaa chake cha kichwa, na ale langar kabla ya foleni, si baada yake. Jioni, akiwa bado na nafasi tumboni, atafute kulcha ya mjini, mkate wa tanuri uliojazwa viazi na kuliwa kwa mchuzi wa dengu, na bilauri ya lasi, kinywaji cha mtindi. Hiyo inalipiwa, na inastahili kulipiwa.

Asiye na safari ya India anaweza kuanzia Makindu, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, baada ya Kibwezi, ambapo Makalasinga waliofanya kazi kwenye Reli ya Uganda walijenga hekalu lao mwaka 1926 na bado hulisha wasafiri bila malipo. Nilikuwa nimepita mbele ya lango lake kwa mabasi kwa zaidi ya miaka ishirini nikidhani ni mahali pa wenyewe. Mwezi mmoja baada ya kurudi nilipewa gari la kazi kupeleka sampuli za vipuri Nairobi, nikasimama hapo saa saba mchana, nikavua viatu, nikafunga kitambaa juu ya kofia bila kuambiwa, nikakaa. Dal ilikuwa nyepesi kuliko ya Amritsar na viazi vilizidi manjano. Roti, hata hivyo, zilikuwa za kusukumwa kwa mkono, laini hadi ukingoni, na mpishi aliyezileta alikuwa kijana aliyeniambia kwa Kiswahili cha Ukambani, "Kinga mikono, mzee," kabla sijakumbuka kuweka sahani chini.